Michembe Haichemshwi

Michembe haichemshwi. Mtoto wa Tabora anayeandika kwamba michembe huchemshwa, ama hajawahi kuionja, ama hajawahi kumkuta bibi yake akiianika, ama ni mwongo. Mwalimu Tunu alikuwa tayari kumsamehe wa kwanza, na wa pili angemhurumia. Huyo wa tatu ndiye aliyemfanya Jumamosi hiyo asubuhi aweke chini kalamu nyekundu, avue miwani, na kusema peke yake kibarazani kwake Isevya, "Hawa watoto wananiona mimi mjinga."

Kwa asiyejua, na aelezwe mapema ili tuelewane. Kiazi kitamu kikimenywa kibichi, kikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka kikakauka kau, hiyo ni michembe. Kikichemshwa kwanza, ndipo kikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Michembe ni myeupe na migumu, na hupikwa siku ya kuliwa. Matobolwa yamekolea rangi, ni matamu, na mtu huyatafuna hivyohivyo njiani. Ukichanganya majina hayo mbele ya mwanamke wa Kinyamwezi, utaulizwa umelelewa wapi.

Kazi aliyowapa Kidato cha Tatu B ilikuwa rahisi mno, na wiki mbili za kuifanya alikuwa amewapa. Eleza kazi moja ya mikono inayofanywa nyumbani kwenu, hatua kwa hatua, kama ulivyoelezwa na mtu anayeifanya. Basi. Hakuna kitabu cha kutafuta, hakuna safari. Uliza mama, uliza mjomba, uliza jirani anayeshona viatu. Na insha ya kwanza kuifungua ikasema: "Baada ya viazi kuchemka na kuiva vizuri, bibi yangu Kashindye huvikata na kuvianika, na hiyo ndiyo michembe."

Akaweka alama ya kuuliza pembeni, akachukua ya pili. Bibi Kashindye alikuwemo, na sufuria lake. Ya tatu, Bibi Kashindye. Ya nne ilikuwa ya mtoto wa askari aliyehamia kutoka Moshi mwezi Januari, na yeye pia alikuwa na Bibi Kashindye, mzaa mama. Kufika adhuhuri chai ilikuwa imepoa zamani, na Mwalimu Tunu alikuwa amewapanga wajukuu wa Bibi Kashindye upande mmoja wa mkeka. Walikuwa hamsini na wanane kati ya sabini na mmoja. Insha zote zilimalizika kwa kumwombea marehemu bibi huyo alazwe mahali pema peponi.

Mmoja, Hilari, alikuwa amepita kiasi. Chini ya maombi hayo, kwa mwandiko wake uleule, aliongeza: "Umefanya uchunguzi wa kweli. Hongera." Yaani alijipongeza mwenyewe. Jumatatu Mwalimu Tunu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti katika chumba cha walimu, akiigiza na shingo. Walimu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye.

Lakini kicheko hicho kilikuwa cha hasira, na hasira yake ilikuwa na asili yake.

Tunu alizaliwa Igalula, hatua chache kutoka kwenye reli, na michembe ndiyo iliyomsomesha. Mama yake aliimenya, akaikata, akaianika juu ya kichanja, na treni iliposimama alitembea chini ya madirisha na ungo kichwani, akiwapimia abiria kwa kikopo. Mavuno ya nyumbani hayakutosha, kwa hiyo alinunua pia ya majirani. Hapo ndipo Tunu alipojifunza somo ambalo chuo cha ualimu hakikumfundisha baadaye. Mama hakununua gunia kwa kulitazama. Alizamisha mkono mpaka chini kabisa, akatoa mchembe mmoja, akauuma. Ukivunjika kwa mlio, gunia linabebwa. Ukipinda, ulianuliwa kabla ya wakati na utaota ukungu, na gunia linarudi kwa mwenyewe hata kama mwenyewe ni shangazi yake. "Jicho linadanganyika, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Jino halidanganyiki."

Kwa jino hilo Tunu alipata sare, daftari na nauli ya kwenda shule, na kwa jino hilo akawa mwalimu wa Kiswahili. Miaka thelathini na minne alikuwa amefundisha, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapahapa mjini, na sifa yake ilikuwa moja: Madam Tunu hadanganyiki. Wazazi aliowafundisha waliwaonya watoto wao. Ukimletea insha ya kunakili atakuita mbele, atakuuliza maana ya neno moja uliloliandika, na utasimama hapo mpaka jasho likutoke. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na sifa hiyo ndiyo mali aliyotarajia kuondoka nayo, maana nyingine haikuwepo.

Sasa mtu alikuwa amechukua michembe ya mama yake, akaichemsha, na kuwalisha watoto hamsini na wanane.

Aliingia darasani Jumatatu hiyohiyo, baada ya mapumziko. Wanafunzi wakasimama, "Shikamoo Madam," naye akaitika marahaba bila kuwaambia waketi.

"Nina msiba," aliwaambia. "Nina marehemu mmoja hapa mwenye wajukuu hamsini na wanane, na wote wako darasa moja. Sijui nianze kumpa pole nani."

Nyuma mmoja akacheka kidogo, kisha akajuta.

"Nani ana bibi anayechemsha michembe? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Watoto wa Uyui waliokuwa humo, ambao kwao michembe huanikwa mpaka juu ya bati, waliinamisha vichwa. Hao ndio waliomuuma zaidi. Mtoto anajua kabisa kwamba sentensi ni ya uongo, bibi yake mwenyewe yuko hai na kisu mkononi, na bado anainakili kwa sababu imekwisha andikwa na mwingine. Wahenga hawakukosea kusema akili za kuambiwa changanya na za kwako, ila hawa walikuwa wametupa za kwao na kubaki na za kuambiwa.

"Imetoka kwa nani?"

Akaanza kuwaita mmojammoja. Hilari aliitoa kwa jirani yake wa dawati, jirani aliitoa kwa Maua, Maua aliitoa kwa wasichana wa mstari wa mbele, na wa mstari wa mbele, baada ya kutazamana, walimtazama Sadiki. Sadiki alikuwa kiranja wa darasa. Mrefu, mtaratibu, mwandiko wa kupendeza, mtoto ambaye Mwalimu Tunu mwenyewe alimpigania apewe ukiranja. Yeye ndiye aliyeleta kopi darasani, ikazunguka.

"Wewe uliipata wapi, Sadiki?"

Kijana akatazama sakafu. "Nimekosa, Madam. Naomba nisamehe."

"Sikuuliza kama umekosa. Nimeuliza uliipata wapi."

"Hilo siwezi kusema, Madam."

"Huwezi, au hutaki?"

Sadiki akanyamaza. Mwalimu Tunu akasubiri, darasa zima likasubiri, na ukimya wa kijana yule ukamwasha kuliko insha zote hamsini na nane. Kunakili ni uvivu, na uvivu una dawa. Lakini kusimama mbele ya mwalimu wako, mwenye umri wa bibi yako, na kumfungia mdomo ili kumlinda mwizi mwenzako, hiyo aliiita jeuri. Akamwambia hivyo, kwa neno hilohilo. Wote hamsini na wanane wangepata sifuri, na Sadiki angekwenda kwenye kamati ya nidhamu siku ya Alhamisi. Kila mtu alijua kamati ingesema nini. Mkuu wa shule, Mwalimu Eustace, alikuwa ametangaza mstarini kwamba kinara yeyote wa udanganyifu ataondolewa shuleni, na mtihani wa mkoa ulikuwa wiki tatu mbele.

Jumatano alasiri baba yake Sadiki akaja nyumbani kwa Mwalimu Tunu. Yahaya alikuwa fundi baiskeli pale Ng'ambo, na zamani naye alipita mikononi mwa Mwalimu Tunu, kidato hikihiki. Aliegemeza baiskeli ukutani, akafuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi, akaamkia kwa heshima zote.

"Mwalimu, sikuja kumtetea," alisema alipokwisha kukaribishwa kiti. "Kanakili, mpe sifuri. Hata mbili mpe. Lakini akifukuzwa sasa hivi, mtihani umempita, na mimi unanijua, sina shule nyingine ya kumpeleka. Atakuja kukaa na mimi kwenye spoku."

"Aseme alikoitoa. Akisema, mimi mwenyewe nitamwombea kwa Mkuu."

"Nimempiga maswali siku mbili. Hasemi." Yahaya akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. "Ila hii nimeikuta kwake. Jumatatu aliporudi shule nilimwona anaikata hapa juu kwa mkasi. Namuuliza unakata nini, kimya. Nikaitazama nikasema hii mashine naijua."

Ilikuwa kopi ya insha ya Bibi Kashindye. Ukanda wa juu, mahali pa jina, ulikuwa umekatwa wote. Chini kabisa zilikuwepo zile sentensi za Hilari, uchunguzi wa kweli na hongera, nyeusi kama maandishi mengine, na kwa hasira hakuutazama mwandiko vizuri. Na pembeni, kutoka juu mpaka chini, ulipita mstari mwembamba wa wino. Watu wa Tabora waliowahi kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa wanaufahamu mstari huo. Mashine ya Bi Nurbanu ina mkwaruzo, na kila karatasi inayopita kwake inaondoka na alama.

Mwalimu Tunu hakusubiri hata kuvaa viatu vya kutokea. Alijitupia mtandio, akapanda bajaji, na njia nzima alikuwa akipanga maneno.

Bi Nurbanu alikuwa na miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Tabora kama baba yake, na duka lake la steshenari lilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akibana karatasi za mtu kwa stepla. Mwalimu Tunu alimwamkia, maana hasira si sababu ya kukosa adabu, kisha akaibandika ile kopi juu ya kaunta.

"Bi Nurbanu, hii inatoka kwako."

Mama yule akaisogeza kwenye mwanga. "Ndiyo. Hii Ya Hongera."

"Ya nini?"

"Ya Hongera. Ndivyo wanavyoiita. Wanakuja wanasema, Bibi, nitolee Ya Hongera. Mwaka wa pili huu."

"Na wewe unawatolea. Mama mtu mzima. Unawauzia watoto wetu ujinga."

Bi Nurbanu akaweka stepla chini. "Mwalimu, tusikilizane. Duka langu linatoa kopi. Nyinyi walimu mnaleta mitihani, natoa. Msikiti unaleta tangazo, natoa. Sisomi vya watu. Hii moja niliisoma kwa sababu ya kichwa chake, maana michembe mimi napenda. Nikasema, ah, hapa mtoto kakosea, haya matobolwa. Mimi Mhindi wa dukani nimejua. Halafu nikaangalia juu, nikasema basi, labda mwalimu ana michembe yake."

"Uliangalia juu ukaona nini?"

Bi Nurbanu alifungua droo, akatoa jalada la kadibodi, akapekua, na kumwekea mbele karatasi ya fuluskepu iliyochakaa kwenye mikunjo. Hiyo haikuwa kopi. Ilikuwa insha yenyewe, wino wa bluu, jina Benjamini, Kidato cha Tatu, miaka miwili nyuma. Na juu yake, kwa wino mwekundu, kwa mkono ambao Mwalimu Tunu aliufahamu kama anavyofahamu sauti yake, palikuwa na kumi na tisa juu ya ishirini, na sahihi yake. Chini: *Umefanya uchunguzi wa kweli. Hongera.*

Mashine ya kopi haijui wino mwekundu. Kila kitu inakitoa cheusi. Hilari, masikini, alidhani ni sehemu ya insha.

"Aliisahau hapa," Bi Nurbanu alisema, taratibu sasa. "Wenzake wakaanza kuiulizia. Wanasema hii imeshapita kwa Madam Tunu, na ikipita kwa Madam Tunu haina kosa. Keti, Mwalimu. Nikuletee maji?"

Maji yaliletwa, akayanywa. Alimkumbuka Benjamini. Baba yake alikuwa mtu wa reli aliyehamishwa kutoka Tanga, na kijana hakuwa amemaliza hata miezi mitatu Tabora. Michembe aliisikia kwa watu tu, na Bibi Kashindye huenda alikuwa mama wa jirani. Alibuni, kama atakavyobuni mtoto yeyote akijua hakuna atakayesoma. Na hakuna aliyesoma. Hata wiki yenyewe aliikumbuka. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walikuwa wanakuja, na Mkuu alitaka kazi zote za mikondo minne ziwe zimesahihishwa kabla hawajafika. Insha mia mbili themanini. Alikaa kwenye chumba cha walimu na kalamu mbili mpya, akasoma mistari mitatu ya mwanzo ya kila moja na kutupa jicho mwishoni. Yenye mwandiko mbaya ikapata kumi na moja, yenye mwandiko mzuri ikapata kumi na tisa. Wageni walipokuja walihesabu madaftari, wakaona wekundu umejaa, wakaisifu shule. Wao nao hawakusoma.

"Ichukue," Bi Nurbanu alisema alipoinuka. "Iende nawe. Mimi sijaiona."

Ndivyo insha hiyo ilivyoingia kwenye mkoba wa Mwalimu Tunu, na hakuna mtu mwingine mjini aliyejua iko wapi.

Nyumbani jiko la mkaa lilikuwa tayari limekolea. Sitaki kumsingizia, na sitaki kumtetea. Aliitoa karatasi mkobani akaishika juu ya makaa, na alikuwa na hoja za kutosha. Alimkasirikia Mkuu na haraka zake. Aliwakasirikia wakubwa wanaomrundikia mwalimu mmoja watoto mia mbili themanini, kisha wanauliza kwa nini watoto wanadesa kazi za wenzao. Aliwakasirikia wageni waliokagua rangi ya wino. Aliukasirikia ule utaratibu mzima ambao mtoto anajifanya ameandika, mwalimu anajifanya amesoma, mkaguzi anajifanya amekagua, na mwisho wa mwaka wote wanapigiana makofi. Hasira hizo zote zilikuwa za haki. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja iliyoufuta ule mwandiko mwekundu, wala iliyompunguzia Sadiki adhabu ya kesho. Kesho saa nne kijana angesimama mbele ya watu wazima watano na kuondolewa shuleni kwa kuamini sahihi ya mwalimu wake. Nyani haoni kundule, watu husema, lakini huyu sasa alikuwa ameonyeshwa.

Akairudisha karatasi mkobani, akapika ugali ambao hakuula.

Alhamisi kamati ilikaa ofisini kwa Mkuu. Yahaya alikuwepo na shati la Ijumaa, Sadiki amesimama kando yake. Mwalimu Eustace alisoma mashtaka, akasema samaki mmoja akioza huoza wote, na akamwomba Mwalimu Tunu atoe ushahidi ili wamalize mapema.

Mwalimu Tunu aliitoa ile fuluskepu, akaitandaza juu ya meza, na kuigeuzia upande wa Mkuu ili aisome vizuri.

"Hii ndiyo iliyonakiliwa," alisema. "Tazama juu."

Mwalimu Eustace akatazama. Akavuta pumzi, akawatazama wajumbe wengine, kisha akaikunja karatasi kwa vidole viwili.

"Mwalimu Tunu, hii rudisha mkobani. Haihusiani na shauri la leo."

"Inahusiana."

"Umebakiza miezi saba. Staafu kwa heshima yako. Na jina la shule je? Watu wakisikia kwamba mwalimu wetu mkongwe..."

"Wakisikia kwamba nilitoa kumi na tisa kwa kitu nisichokisoma watasikia kweli tupu, Mkuu. Siku ile ulitaka wekundu, nikakupa wekundu. Sikukataa, kwa hiyo nisikutupie wewe. Lakini mtoto huyu hawezi kuondoka shuleni kwa kosa nililoligonga muhuri." Akaikunjua tena karatasi, akatoa kalamu, akaikata kumi na tisa kwa mistari miwili, na pembeni akaandika sifuri na sahihi yake. "Sadiki sifuri yake nitampa mimi, na ukiranja avuliwe, maana kiranja haongozi wenzake shimoni. Zaidi ya hapo, mkimfukuza yeye andikeni na barua ya kuniondoa mimi."

Yahaya, ambaye hakuombwa kusema, alisema, na akasema kwa upole mno. "Mimi baiskeli ikirudi na pancha mahali palepale nilipoziba, Mkuu, simlaumu mwiba."

Sadiki hakufukuzwa. Alipata sifuri, akavuliwa ukiranja, na Mwalimu Eustace hakumsemesha Mwalimu Tunu mpaka Jumatatu ya pili yake. Mjini maneno yalienea kama yanavyoenea. Wengine walisema Madam amezeeka, wengine wakasema afadhali.

Yeye hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Kazi ileile aliirudia, lakini safari hii hakutaka karatasi. Kila mwanafunzi alete kitu chenyewe mkononi, asimame mezani, aeleze kinavyotengenezwa, na yeye amuulize maswali mawili. Iligharimu vipindi vya wiki tatu na saa za baada ya masomo, na walimu wenzake walimwambia anapoteza muda. Najiat alileta ukili wa mkeka na kuonyesha unavyosukwa. Mtoto wa askari alileta mche wa mgomba kutoka kwenye ndoo ya mama yake, akaeleza unavyopandwa kwao. Hilari alileta mfuko wa michembe na akaapa kwamba safari hii amekaa na bibi yake siku nzima, na Mwalimu Tunu akazamisha mkono mpaka chini ya mfuko, akatoa mmoja, akauuma mbele ya darasa. Ulivunjika kwa mlio. Walicheka, na yeye akamwandikia kumi na sita, kwa sababu swali la pili lilimshinda.

Sadiki alikuwa wa mwisho. Alileta mpira wa ndani wa baiskeli, msasa, gundi na kipande cha raba, akaziba pancha hapo mezani huku akieleza. Alipomaliza wenzake walikwisha kwenda kuchukua mabegi. Mwalimu Tunu aliubonyeza mpira kwa kidole gumba, kiraka kikashika.

"Sadiki, nikuulize swali la tatu. Siku ile darasani ulijua ile karatasi ina sahihi yangu."

"Ndiyo, Madam."

"Ukaikata na mkasi nyumbani ili isionekane. Kwa nini hukusema tu? Ungejiokoa."

Kijana akakunja msasa wake, akautia mfukoni. Alijibu bila ujeuri, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analifahamu.

"Mbele za watu ningekuvunjia heshima, Madam. Halafu mimi nilidhani unajua." Akaokota gundi yake. "Wote tulidhani unajua. Tulidhani walimu mnajua kwamba tunajua hamsomi, na nyinyi mnajua kwamba hatuandiki, na ndivyo shule ilivyo."

Mwalimu Tunu alimwambia aende, baba yake anamsubiri kibandani. Kisha akavuta lile furushi la madaftari ya Kidato cha Pili lililokuwa mezani tangu asubuhi, akahesabu kumi tu, yaliyobaki akayarudisha kabatini bila alama, akafungua la kwanza na kuanza kusoma kutoka mstari wa kwanza.